Kusaka Tarumbeta za Shule, Iringa hadi Mbeya

Kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi, matarumbeta ya Iringa mjini hayana siku ya kupumzika. Jumamosi ni harusi na sendofu, katikati ya wiki ni mahafali ya darasa la saba. Vijana saba au wanane waliovaa mashati ya rangi moja hupanda kirikuu, mpiga ngoma kubwa akikaa nyuma kabisa, na msafara huteremka kutoka Kihesa magari yote yakiwasha taa. Anayewataka msimu huo hutoa advansi mapema.

Kundi moja lilitutajia shilingi 250,000 kwa mahafali ya nusu siku, nauli ikiwa juu ya mwenyeji. Aliyeuliza ni Mwalimu, rafiki yangu wa miaka mingi, anayefundisha shule ya msingi kijijini upande wa Kalenga. Hakuwa na nia ya kuwakodi. Alitaka kujua shule za kata yao zinatumia kiasi gani kwa siku hiyo moja. Zipo tano, na mwaka uliopita zote zilikodi. Jumla yake ni 1,250,000. Jioni ya mahafali tarumbeta huondoka na wenyewe, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza kupuliza.

Kamati ya shule yake ilikuwa imepitisha shilingi 1,200,000 za kuanzisha bendi, fedha iliyotokana na mahindi na alizeti ya shamba la shule. Ngoma walikuwa nazo tayari, wamezitengeneza wenyewe kwa mapipa na ngozi za mbuzi. Filimbi za plastiki walikuwa nazo pia. Watoto walitaka tarumbeta. Mimi nilikulia kwenye kwaya ya tarumbeta ya kanisa, nikipuliza koneti tangu darasa la tano, ndiyo maana Mwalimu akaniomba tufuatane.

Msomaji ajue fedha kama hizo ni ngumu kiasi gani kupatikana. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, shule za serikali hazitozi ada wala michango ya lazima. Serikali hutoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu ya fedha hiyo hutengwa kwa ajili ya vitabu. Kinachobaki ni cha chaki, karatasi za mitihani na ukarabati wa madawati. Hakuna mwalimu mkuu atakayechota humo akanunue tromboni, na akifanya hivyo wazazi watakuwa na haki ya kumuuliza. Mtaala ulioanza mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo, nami nimelifurahia sana, lakini vyombo ni juu ya shule kujitafutia.

Tulianzia Miomboni, katikati ya mji. Maduka ya muziki yapo, yamejaa spika, mikseta, vinanda vya umeme na magitaa. Tarumbeta tulikuta moja tu, mpya, iliyotengenezwa China, imelala ndani ya sanduku lake la kitambaa. Bei 650,000. Dada mwenye duka alikuwa mkweli. "Hizi naagiza Kariakoo mtu akihitaji," alisema. "Ikiharibika, mimi fundi sina."

Niliipuliza. Sauti yake haikuwa mbaya. Lakini vali ya tatu ilikuwa nzito ingali mpya, na lile bomba la kurekebishia sauti lilikuwa limegandamana, halivutiki. Tarumbeta ya bei ya chini ikiwa hivyo dukani, baada ya mwaka mmoja mikononi mwa watoto itakuwa pambo la ofisi ya mwalimu mkuu. Na hata ingekuwa nzima, Mwalimu angebaki na 550,000, fedha isiyotosha kununua ya pili.

Marekani mzazi wa mtoto anayeanza bendi ya shule mara nyingi haanzi kwa kununua. Maduka ya vyombo humkodishia kwa mwezi, na aghalabu sehemu ya kodi huhesabiwa kama malipo ya chombo chenyewe iwapo mtoto ataendelea. Utaratibu huo unasimama kwa sababu mbili: duka lina akiba kubwa ya vyombo, na lina fundi wa kuvitengeneza vinaporudi na majeraha. Nilimwambia Mwalimu kwamba akiba ya namna hiyo Iringa ipo, ila haiko dukani. Iko makanisani.

Wamisionari wa Berlin waliingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891 wakitokea Ziwa Nyasa, mwaka uleule Wamoravian nao walipofika Rungwe. Wote walitoka katika nchi ambayo kupuliza tarumbeta ni sehemu ya ibada. Kwa Wamoravian desturi hiyo ni kongwe zaidi: kijiji chao cha Herrnhut kilianzishwa mwaka 1722, na muda si mrefu tromboni zikawa ndizo zinazotangaza misiba na kuwaamsha waumini alfajiri ya Pasaka. Kinanda cha kanisa hakibebeki hadi makaburini wala uwanjani, tarumbeta inabebeka. Sababu hiyo ya kawaida kabisa ndiyo iliyozifanya zishike mizizi pia katika nchi ambayo mkutano mkubwa hufanyika chini ya mti. Vyombo vimeendelea kuja toka Ujerumani miaka nenda rudi, vingi vikiwa vimetumika, kwa urafiki wa sharika na sharika. Tatizo ni kwamba chombo hufika, lakini fundi wake hubaki kwao.

Mzee mmoja wa usharika wa Kilutheri, si mbali na shule ya Mwalimu, alitufungulia kabati. "Kamwene," alitusalimu, kisha akatoa moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya benchi. Tisa. Tano zilikuwa zikitumika kila Jumapili. Nne zilikuwa zimelala kwa miaka: mbili vali zimeganda, moja imetoboka kwenye kona, moja kamba za vali zimekatika. Tarumbeta nyingi za Kijerumani hazina pistoni za kupanda na kushuka. Zina vali za kuzunguka, na baadhi yake huzungushwa na uzi mwembamba. Uzi ukikatika, chombo cha thamani kubwa kinanyamaza.

Mzee alisema, "Mkizitengeneza, watoto wazitumie. Sisi tutaweka sahihi ya miaka mitatu. Kodi yenu ni kuzirudisha zikiwa zinalia."

Sijapata kusikia masharti ya kukodi yenye haki kuliko hayo. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililopaswa kuulizwa: katika shule yake wamo watoto wa Kiislamu na Wakatoliki, itakuwaje? Mzee akajibu kwamba tarumbeta hazina dhehebu zikiwa shuleni, na kwamba mtoto asiyetaka kupuliza kanisani Sikukuu ya Mavuno hatalazimishwa. Likaandikwa hivyo kwenye karatasi ya makubaliano, nami nawasihi wengine waandike vilevile.

Tulizifunga zile nne kwa blanketi, tukaziingiza kwenye viroba, tukapanda basi la Mbeya.

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu ya Zambia. Mafinga unanunua mbao kwa macho: misonobari ya Sao Hill imepangwa pande zote. Ndani ya Mufindi, mbali na lami, iko Malangali. Shule ya Malangali ilifunguliwa mwaka 1928, na mkuu wake wa kwanza, Mwingereza W. Bryant Mumford, alifanya jaribio ambalo bado linanivutia. Aliwaleta wazee wa makabila ya huku wafundishe pamoja na walimu, na ngoma za asili zikawa sehemu ya ratiba ya shule, si jambo la kufanywa wageni wakija. Wapo waliomlaumu, na kwa haki, kwamba wazazi walitaka watoto wao wajue Kiingereza na hesabu ili wapate kazi, si kubaki kuwa maonyesho ya mila. Lakini kwa upande wa muziki Mumford aliona jambo sahihi. Mwalimu wa muziki yupo kijijini tayari, na chombo kipo. Hugh Tracey alipopita Iringa mwaka 1950 akirekodi muziki, aliwakuta Wahehe wakipiga ligombo, ubao uliochimbwa katikati, uzi ukipitishwa juu yake mara kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Chombo hicho hakikuhitaji duka.

Mwalimu alinisikiliza, akasema, "Kaka, ligombo nitalitafuta, nakuahidi. Ila hawa watoto wameshaona tarumbeta kwenye harusi. Huwezi kumwambia mtoto atamani kingine."

Makambako upepo ulikuwa wa baridi kali. Hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kuelekea Ziwa Nyasa, na hapo nilimsimulia habari za beni. Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walianza kuunda vyama vya ngoma kwa mfano wa bendi za kijeshi za Wazungu, na baadaye, Tanganyika nzima, kukawa na Marini na Arinoti, wakishindana kwa sare, vyeo na gwaride. Profesa Terence Ranger aliandika historia yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Pwani, vyama vyenye uwezo vilinunua tarumbeta za kweli na kujiingiza kwenye madeni kwa ajili hiyo. Baada ya Vita vya Kwanza, askari na wapagazi waliorudi makwao walizieneza ngoma hizo bara, na huko kwenye fukwe za Ziwa Nyasa hakukuwa na fedha ya shaba. Wakakata vibuyu. Tundu moja la kuimbia, tundu jingine likazibwa kwa utando wa buibui, na sauti ya mtu ikatoka ikiwa na mtetemo wa tarumbeta. Vibuyu vidogo kwa sauti za juu, vikubwa kwa besi, na ngoma kubwa katikati. Ndiyo mganda, na upande wa Malawi malipenga, na hadi leo inachezwa kwa kaptula nyeupe na gwaride lililonyooka.

Nalisimulia hili kwa sababu ninaamini kabisa kwamba shule yoyote inayongoja fedha ya shaba inaweza kuanza na vibuyu wiki ijayo. Mtoto anayeimba sauti yake sawasawa kwenye kibuyu, akishika zamu yake kati ya wenzake kumi na mbili, ameshajifunza nusu ya kazi ya bendi: kusikiliza, kuhesabu, kuanza na kuacha pamoja. Akipewa koneti baadaye, anajifunza midomo na vidole tu. Mwalimu hapo alitoa daftari akaandika. Vibuyu kwao havina bei.

Barabara inateremka Igawa, inapita mashamba ya mpunga ya Mbarali, Chimala, kisha inapanda tena hadi Uyole. Uyole ndipo tulipoteremkia, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za fundi wa rejeta.

Malori ya Tunduma yanapita hapo usiku na mchana, na rejeta nyingi za zamani zimetengenezwa kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano, zikiungwa kwa lehemu. Anayejua kuziba tundu la rejeta bila kuyeyusha mabomba ya jirani yake anaijua kazi ambayo tarumbeta inaihitaji. Tofauti ni moto: bomba la tarumbeta ni jembamba zaidi, na moto wa gesi ukizidi, chombo kinakunjamana. Fundi alizitazama zile nne kwa muda mrefu. Kona iliyotoboka aliiziba kwa kipande kidogo cha shaba na moto mdogo sana, akipoza kwa kitambaa chenye maji. Vali zilizoganda hakuzigonga, alizilowesha mafuta mepesi zikalala usiku kucha, asubuhi zikaachia. Kwa ile ya kamba alituma kijana dukani akanunue mshipi wa kuvulia samaki, mwembamba na usiolegea. Ulifaa. Kwa zote nne alitoza 160,000.

Nimewahi kuwasikia wakuu wa shule wakisema tarumbeta hazina mafundi nchini. Mafundi tunao. Anayetengeneza rejeta anaweza mabomba, anayetengeneza cherehani anaweza springi na vali, na mafuta ya cherehani ndiyo mafuta ambayo wapiga tarumbeta wengi wa huku tumeyatumia maisha yetu yote. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaonyesha mara ya kwanza. Uganda shirika la Brass for Africa, linalopeleka vyombo vilivyotumika kutoka Uingereza, limefundisha vijana kuvitengeneza hukohuko Kampala. Sisi tunavyo vyuo vya ufundi stadi kila mkoa, na somo la kutengeneza tarumbeta lingeweza kukaa ndani ya karakana ya uchomeleaji bila jengo jipya.

Mbeya mjini tulipokelewa na mzee wa Kimoravian aliyepuliza tromboni tangu ujana wake na sasa anafundisha vijana wa ushirika wao. Kwaya yake ilikuwa na koneti mbili za ziada za kuuza. Alianza kwa kutufundisha namna ya kununua chombo kilichotumika, na alisema hatatutajia bei mpaka tujue tunachonunua. Nayaandika maneno yake kwa ajili ya wengine.

Ushike bomba dogo la vali, usiibonyeze vali hiyo, uvute bomba taratibu hadi litoke. Likitoka na mlio wa kupasuka, hewa haivuji. Likitoka kimya, vali imelika, na hiyo haitengenezeki kwa bei ya shule. Utazame bomba la kwanza, lile linalopokea kinywa cha kupulizia. Ukiona vidoa vyekundu ndani ya shaba ya manjano, zinki imeshaliwa na mate, bomba litatoboka. Mikunjo na mikwaruzo ya nje usiiogope, hiyo ni ya kushushia bei. Kisha upulize noti moja sambamba na kinanda.

La mwisho hilo watu wengi hawalijui, na limeziumiza shule. Bendi za shaba za Uingereza zilitumia kipimo cha sauti cha juu kuliko cha dunia hadi miaka ya 1960. Seti za zamani zikikusanywa huko na kutumwa huku kwa nia njema, unaweza kupata tarumbeta nzima, inayong'aa, isiyoweza kukubaliana na kinanda wala na tarumbeta mpya hata uvute bomba hadi mwisho. Moja ya zile koneti mbili nilikuwa na wasiwasi nayo kwa umri wake. Tulisimama nje ya kanisa kwenye baridi ya asubuhi, na ilikuwa chini kidogo, kama ilivyo kawaida kwa chombo baridi, kwa sababu hewa ya baridi ndani ya bomba hushusha sauti. Baada ya kuipuliza mpaka ikapata joto ikakaa sawasawa na kinanda. Hapo tukajua ni nzima. Tulizichukua zote mbili kwa 340,000.

Mwalimu alimwuliza kuhusu saksafoni, maana watoto wake walikuwa wameziona kwenye televisheni. Mzee alikataa kwa kichwa. Saksafoni na klarineti zina vifuniko vingi vyenye pedi za ngozi, na pedi zikichanika au panya akizitafuna, chombo kizima kinavuja. Kwa shule isiyo na fedha, shaba tupu yenye vali tatu ndiyo ya kuanzia. Klarineti inaniuma kwa sababu nyingine. Mti unaotengenezewa klarineti bora duniani ni mpingo, mti wa taifa letu, na sehemu kubwa yake hutoka Lindi na misitu ya kusini. Unasafiri ukiwa vipande vidogo vilivyokatwa kwa kipimo, unakuwa klarineti Ufaransa, na bei inayorudi nayo haigusiki kwa mtoto wa Kilwa wala wa Kalenga. Vijiji vya Kilwa vimejipatia cheti cha kimataifa cha kuvuna mpingo kwa utunzaji tangu mwaka 2009, na hilo ni jema. Ningependa kuona pia mpingo unaobaki nchini ukawa chombo cha muziki mikononi mwetu.

Mzee ndiye aliyeonyesha njia mojawapo. Alituambia tusitafute tarumbeta nyingi, tutafute vinywa vingi. Kinywa ni kile kipande kidogo cha kuchomeka, na mtoto anaweza kujifunza midomo kwa kinywa peke yake kwa miezi kabla ya kushika chombo. Watoto wanane wenye vinywa vyao wanaweza kupokezana tarumbeta mbili bila kupokezana mate, na hilo si dogo. Vya kiwandani hupakwa fedha kwa sababu shaba tupu si nzuri kwa midomo. Yeye cha kwake alikerezewa na fundi wa mashine kutokana na kipande cha mpingo alichopewa na mchonga vinyago. Nilikijaribu. Sauti yake ni nyororo kidogo kuliko ya chuma, na asubuhi ya baridi ya Mbeya hakiumi midomo. Tuliagiza vinane kwa fundi huyohuyo, 25,000 kila kimoja.

Kupokezana si aibu. Orkesta ya Wakimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, ilianza na fidla chache kuliko wapigaji, wakipeana zamu, na waya wa breki za baiskeli ukitumika pale uzi ulipokatika. Leo wanapiga Beethoven.

Tulikwenda pia Rungwe, kwa sababu Mwalimu alitaka kupaona. Tukuyu iko kilomita 70 hivi kutoka Mbeya, na mvua yake haina msimu unaoaminika. Theodor Meyer na wenzake walifika huku mwaka 1891 wakajenga chini ya mlima. Wanyakyusa wana tarumbeta zao za vibuyu virefu, ipenenga, kwa hiyo kupuliza si kugeni huku. Kijana mmoja aliyekuwa akifuta tarumbeta yake barazani alituonyesha anavyoikausha baada ya kila zoezi, maana unyevu wa Rungwe huozesha vitambaa vya vali na kutia kutu springi. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akamtaja babu yake. Tulipoaga tukamshukuru kwa kusema ndaga, naye akatusindikiza hadi barabarani.

Jibu lile lilimkaa Mwalimu kichwani njia nzima. Alikuwa amehesabu vyombo na kumsahau mfundishaji, ilhali kila usharika na kila ushirika una wazee wastaafu wa tarumbeta ambao hakuna aliyewaomba kufundisha. Usiku ule kwenye nyumba ya wageni Mwanjelwa tuliandika hesabu upya. Ukarabati 160,000. Koneti mbili 340,000. Vinywa 200,000. Mafuta, vitambaa na brashi 20,000. Nauli, malazi na chakula 80,000. Zikabaki 400,000, na hizo zote tukaziweka kwa ajili ya mpuliza tarumbeta mstaafu wa palepale kijijini, nauli na posho yake ya kila Jumatano mwaka mzima. Mwalimu alitaka kuitumia nusu kununua ngoma ya kiwandani. Nilimpinga, na nitaendelea kumpinga.

Shule ile sasa ina tarumbeta sita, nne za kukodi na mbili zake, pamoja na ngoma zake za mapipa na vibuyu kwa watoto wa darasa la tatu. Tarumbeta hulala kabatini shuleni, hakuna inayokwenda nyumbani mwaka wa kwanza, na kila chombo kina majina ya watoto wanaokitumia yameandikwa kwenye daftari. Gharama yote haikufikia ile ambayo shule tano za kata ileile zilikodia matarumbeta kwa siku moja kila moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wa aina mbili. Wakuu wa shule na kamati za Iringa na Mbeya: msinunue kila shule chombo chake. Kaeni kata nzima, wekeni fedha pamoja, muwe na seti moja inayozunguka na mwalimu mmoja anayelipwa. Wazee wa makanisa, Walutheri, Wamoravian na Wakatoliki: fungueni makabati yenu mwezi huu. Andikeni orodha ya vyombo vyote, vinavyolia na visivyolia, pamoja na majina ya wastaafu wanaoweza kufundisha, muipeleke kwa Afisa Elimu Kata kabla shule hazijafunguliwa Januari.